Pumzi ya Kumwozesha Zuhura

Ninyi vijana mnaoanza kazi kwenye wodi ya kifua mna bahati, wala sisemi hivyo kwa wivu. Mna picha zinazotoka safi, mna dawa za kifua kikuu, mna mionzi kule Nairobi, na nimesikia kuna mpira wenye taa unaopitishwa kooni mpaka daktari anaona mlango wa pafu kwa jicho lake. Mimi nilipoingia kazini Kisumu, dresa wa kufunga vidonda, miaka kabla ya vile vita vya pili vya dunia, tulikuwa na masikio yetu, vidole vyetu, na Daktari Saheb.

Daktari Saheb alikuwa Mhindi mfupi mwenye miwani, daktari msaidizi wa wodi za Waafrika. Jina lake kamili lilikuwa refu kuliko koti lake, kwa hiyo kila mtu alimwita Daktari Saheb, na yeye aliridhika. Juu yake alikuwepo Bwana Daktari, Mzungu aliyesimamia hospitali nzima, mtu mwema lakini mwenye haraka, ambaye ukimweleza jambo alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango.

Aliyenifundisha kifua ni Daktari Saheb. Asubuhi moja alinipeleka nyuma ya jiko la hospitali. Alikuwa amepanga mitungi ya maji, mwingine umejaa, mwingine nusu, mwingine mtupu, yote amefunika kwa shuka.

"Ogola, gonga," akaniambia. "Sema maji iko mpaka wapi."

Nikagonga kwa kifundo cha ngumi. Akanishika mkono.

"Hii si nyundo. Wewe enda kwa nyumba ya mkwe yako, napiga mlango namna hii? Piga hodi."

Basi sikilizeni, maana jambo hili hata mashine haijalifuta. Laza kidole cha kati cha mkono wa kushoto juu ya kifua, kikae vizuri kati ya mbavu. Kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia, kigonge kile cha kushoto, na mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, usitoke kwenye bega. Penye hewa utasikia sauti yenye uwazi ndani yake, kama ngoma ndogo. Penye maji utasikia sauti ya kugonga paja lako mwenyewe. Mahali sauti inapobadilika, ndipo maji yalipofika. Shuka ikiondolewa utajua kama ulisema kweli.

Nilifanya mazoezi nyumbani. Niligonga vibuyu, niligonga kuta, niligonga mitungi ya mke wangu mpaka akaniambia nikiugonga mwingine nitaujaza maji mimi mwenyewe. Alinivumilia hivyo hivyo mpaka aliponikuta namgonga mtoto wetu mgongoni, amelala.

"Huyu umemzaa," akasema. "Hukumchagua sokoni. Acha kumpima."

Daktari Saheb alinipa na mengine madogo madogo, nami nawapa ninyi. Pasha mikono yako moto kabla ya kumgusa mgonjwa. Mwili ukishtuka, kifua hukaza, na utasikia kukaza kwake tu. Ukitaka kuhesabu pumzi, jifanye unapima mshipa wa mkono, kwa sababu mtu akijua pumzi zake zinatazamwa hupumua kama mtu anayepigwa picha. Na kabla ya yote, mchekeshe. Mtu akicheka kifua chote hutembea, na upande uliobaki nyuma ndio wenye habari.

Halafu ikaja mashine ya eksirei. Ilifika kwa treni ndani ya makasha, na kwa kuwa umeme ulikuwa umekwisha kuingia mjini, ikafungwa kwenye chumba ambacho madirisha yake yalipakwa rangi nyeusi. Bwana Daktari aliipenda mashine ile kama mtu anavyopenda ng'ombe wa kwanza. Kazi yangu ilikuwa kuwapanga wagonjwa mbele yake na kuwaeleza kwa Kijaluo au Kiswahili: simama hapa, weka kidevu juu, vuta pumzi nyingi, sasa usipumue.

Mzee mmoja kutoka Awasi aliposikia hilo la mwisho alishuka kwenye kibao akaanza kuvaa shati.

"Nimetoka Awasi kwa sababu sipumui," akasema. "Sasa nimefika, mnaniambia nisipumue. Si ningebaki nyumbani?"

Na alikuwepo mama mmoja ambaye hakuogopa kitu. Yeye alitaka tu kuonyeshwa moyo wake, apate kumwambia mke mwenzake kwamba si mweusi. Mnajua kwenye picha ile hewa huonekana nyeusi, na moyo huonekana mweupe. Nilimwonyesha kwenye taa. Aliondoka pale kama mtu aliyeshinda kesi, na kikohozi chake akakisahau mpaka nikamfuata barabarani na dawa.

Lakini mashine hukuonyesha kivuli tu. Haikuambii kivuli hicho kinaitwaje. Hilo tulifundishwa na Okeyo.

Okeyo alikuwa mchuuzi wa samaki kutoka Luanda Kotieno, kijana wa kiume aliyeoa mwaka uliotangulia. Alikuja amekonda, anakohoa makohozi yenye harufu mbaya, mpaka wenzake wodini wakavuta vitanda vyao mbali. Picha ilionyesha kivuli kizito chini ya pafu la kulia. Bwana Daktari aliitazama, kisha akasema neno la Kiingereza ambalo sisi tuliligeuza kuwa "uvimbe mbaya". Neno saratani halikuwa vinywani mwetu siku zile. Kama ni huo, alisema, hatuna la kufanya, afadhali arudi kwao.

Daktari Saheb alikuwa ameshika kikopo cha makohozi. Alikinusa, jambo ambalo wengi hatukuwa na moyo wa kulifanya.

"Bwana Daktari, hii ni usaha. Uvimbe mbaya napenda kimya. Hii napiga kelele. Tupe wiki kidogo."

Bwana Daktari akakubali. Tukainua miguu ya kitanda cha Okeyo juu ya matofali, kichwa kikawa chini. Kila asubuhi na jioni alilala kifudifudi na kiwiliwili kikining'inia ukingoni, nami nikimpigapiga mgongo kwa viganja vilivyokunjwa kama vikombe ili usaha utiririke. Si matibabu ya heshima. Okeyo alisema hata popo usiku huacha kuning'inia.

Siku moja, katikati ya kuning'inia, alikohoa kikohozi cha namna nyingine kabisa. Kitu kikagonga beseni. Niliokota kwa koleo. Kilikuwa kipande cha mfupa wa kuku.

Okeyo alikitazama, akafunika uso kwa mikono.

"Ni wa kwa wakwe," akasema.

Alituambia basi. Alipokwenda kwa wakwe zake mara ya kwanza baada ya kuoa, walimchinjia kuku. Wazee wa nyumba wamekaa wote, yeye amevaa vizuri, mfupa ukampalia. Mkwe anawezaje kukohoa na kutema mbele ya watu wale? Alikaza, machozi yakamtoka, akameza mate, akasema chakula ni kitamu. Wakwe walifurahi kuona kijana analia kwa utamu wa mchuzi. Mfupa nao ukaenda zake ndani ya pafu.

Bwana Daktari alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baada ya wiki chache kivuli kilikuwa kimefifia, na Okeyo akarudi Luanda Kotieno amenenepa. Tangu siku hiyo Bwana Daktari hakumrudisha mtu nyumbani kwa sababu ya kivuli peke yake. Alitaka makohozi yatazamwe kwenye darubini, alitaka maji ya kifua yavutwe yatazamwe, na palipokuwa na tezi limevimba alikata kipande akakitia kwenye chupa ya spiriti kikaenda Nairobi kwa treni. Hayo ndiyo yalikuwa maendeleo yetu. Mnaweza kucheka, lakini kabla yake tulikuwa tunakisia.

Sasa niwaeleze habari ya Mzee Salimu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kuandika.

Mzee Salimu alikuwa Mwislamu wa mjini, baba yake mtu wa pwani aliyekuja na misafara, mama yake mtu wa hapa hapa bara. Alikuwa serahangi kwenye meli za ziwani, yaani msimamizi wa mabaharia, mpaka alipostaafu. Mtu mkubwa, kifua kama kabati, na sigara haikumtoka mdomoni. Wakati ule hakuna aliyejua habari ya sigara. Bwana Daktari mwenyewe alikuwa akivuta akimpima. Mjue tu kwamba tulikuwa hivyo.

Alikuja akisema hawezi kulala chali. Nilimkalisha, nikapasha mikono, nikamgonga mgongoni upande wa kushoto. Sauti ya paja, toka chini mpaka karibu na bega. Nikamwita Daktari Saheb, naye akagonga, tukatazamana.

Bwana Daktari alivuta maji. Mtaiona kazi hii mara nyingi, kwa hiyo shikeni hili: mgonjwa akae ameegemea mto juu ya meza, mkono wa upande wenye maji aupeleke bega la pili, mbavu zifunguke. Sindano ipite juu ya ubavu, isipite chini yake, maana chini ya kila ubavu kuna mshipa wa damu. Yavutwe polepole. Akianza kukohoa, simama. Ukiyatoa yote kwa pupa pafu hushtuka na mtu huzimia mikononi mwako.

Maji ya Mzee Salimu yalitoka na rangi ya damu. Yalipopungua, tulimpiga picha, na kile ambacho maji yalikuwa yamekificha kikaonekana karibu na mzizi wa pafu. Juu ya mtulinga palikuwa na tezi gumu. Kipande kikaenda Nairobi. Tulipokuwa tukingoja nilimwombea mfupa wa kuku, wala sioni aibu kusema hivyo. Nilimuuliza kama amewahi kupaliwa ugenini. Akasema, "Mimi? Mimi hupaliwa na maneno ya watu tu."

Jibu la Nairobi likafika. Ulikuwa uvimbe mbaya, tena umekwisha kutembea.

Siku zile haikuwa desturi kumwambia mgonjwa. Tuliwaambia ndugu, na ndugu walimwambia mgonjwa kwamba atapona. Shemeji yake Mzee Salimu, Bwana Abdi, muuza nguo sokoni, ndiye aliyeitwa, naye akasema afadhali mzee asijue. Lakini Mzee Salimu alikuwa ameendesha mabaharia maisha yake yote, na alijua watu wanaponong'ona kuna jambo limeharibika. Tulipopita kumwona asubuhi, alimshika Daktari Saheb koti.

"Kaa hapa kitandani," akamwambia. "Nina binti mmoja, Zuhura. Ameposwa. Harusi ni baada ya Idi. Niambie nipange vipi."

Daktari Saheb alinitazama, akamtazama Abdi aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, kisha akakaa.

"Mzee, ni uvimbe mubaya. Iko ndani ya pafu. Ulaya sasa naanza kupasua kifua, natoa pafu moja, na mtu naishi. Lakini yako nakwisha toka nje ya pafu. Uvimbe sisi hapana weza."

Mzee Salimu akaliachia koti la Daktari Saheb. Nje gari la moshi lilikuwa likibadilisha njia.

"Na maji?" akauliza.

"Maji naweza."

"Basi tuzungumze juu ya maji."

Abdi alianza kulia. Mzee Salimu akamwambia aende akanywe chai, maana wodi imejaa unyevu wa kutosha.

Nawaambieni mapema kwamba alifariki kabla mwaka haujageuka, kwa sababu sipendi habari yake iishie kaburini. Alifia nyumbani kwake. Hakuzama katika maji ya kifua chake. Nilikuwa nikipita jioni nikitoka kazini, nimemtengenezea ubao wa kuegemea ili alale amekaa, na Daktari Saheb alimpa dawa ya maumivu kwa wakati wake, bila kungoja apige kelele kwanza. Huo nao ni utaalamu, na haukuletwa na treni. Mtu asiyeponyeka bado ni mgonjwa wako. Ana mgongo wa kusuguliwa, ana mdomo wa kulainishwa, ana maneno ya kusikilizwa. Turudi kwenye harusi.

Shida ilikuwa hii. Katika ndoa ya Kiislamu baba wa binti ndiye anayetamka maneno ya kumwozesha. Anaweza kumweka wakili atamke kwa niaba yake, na sheria inakubali. Abdi alijitolea kuwa wakili. Mzee Salimu akakataa katakata.

"Nimepiga kelele miaka mingi kwa watu wa nanga na kamba," alisema. "Nitashindwa kusema maneno machache kwa ajili ya mwanangu? Nitasema mwenyewe, na nitasema nimesimama."

Lakini maji yalikuwa yanarudi. Kila tukiyavuta alipata siku kadhaa njema, akitembea wodini akiwakagua wagonjwa kama mabaharia, kisha sauti ya paja ikaanza kupanda tena mgongoni, na maneno yake yakawa mafupi, mpaka ikawa neno moja, pumzi, neno moja, pumzi. Tukivuta mapema mno, yatakuwa yamejaa siku ya harusi. Tukivuta asubuhi ile ile, atakuwa amechoka na kichwa kinazunguka. Daktari Saheb akachagua siku ya kuamkia harusi. Kila siku mimi nilimgonga na kuweka alama kwa wino mgongoni mwake mahali maji yalipofika. Zuhura alipokuja kumletea uji aliziona.

"Baba, umechorwa kama ramani."

"Ni ramani," akasema. "Huyu Ogola anatafuta bandari."

Zuhura alicheka, kisha akaniita nje. Alikuwa msichana mrefu, mwenye macho ya baba yake, na alisema na mimi bila kuzunguka.

"Kaka, niambie kweli. Kama jambo hili litamuua pale mbele ya watu, mimi niko tayari mjomba anioze. Sitaki ndoa yangu iwe ndiyo iliyomaliza baba."

"Nitakuwa nyuma yake," nikamwambia. "Na kiti."

Ilipofika siku ya kuvuta, Bwana Daktari alichoma sindano pale ambapo tulikuwa tumezoea. Hayakutoka maji. Akaivuta kidogo, akaisukuma kidogo, hakuna. Mzee Salimu alikuwa ameegemea meza, midomo imeanza kubadilika rangi. Bwana Daktari alitaka picha nyingine ili aone maji yamejificha wapi, lakini umeme ulikuwa umekatika mji mzima tangu alfajiri. Akasimama na sindano mkononi. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana haraka.

"Gongeni," akasema.

Daktari Saheb akagonga kuanzia mgongoni, mimi kuanzia ubavuni, kidole kwa kidole, wodi nzima imenyamaza, hata wanaokohoa walijizuia. Maji yalikuwa yamejitengea vyumba. Palipokuwa na maji zamani sasa palikuwa na sauti ngumu ya nyama iliyokauka, na kando zaidi, chini ya kwapa, kidole changu kikapata ule uzito laini ninaoujua. Nikaweka alama ya wino. Daktari Saheb akagonga pale pale, akatikisa kichwa kukubali. Bwana Daktari akachoma.

Mpira uliotoka kwenye sindano ukajaa. Maji yakaanza kuteremka kwenye chupa, na wagonjwa wa vitanda vya karibu wakaanza kupiga makofi taratibu kama watu wanaomtia moyo mkimbiaji. Bwana Daktari hakuwakataza. Mzee Salimu alipoweza kuvuta pumzi ndefu, aliitoa kwa maneno:

"Sasa nani ana kanzu yangu?"

Bwana Daktari alitoa ruhusa kwa masharti. Aende kwa gari, asikae sana, asivute sigara, nami niwe naye kila hatua. Kesho yake gari lilitoka kwa mfanyabiashara mmoja Singasinga aliyemjua Mzee Salimu tangu bandarini, na aliliendesha mwenyewe, polepole, akipiga honi kila kona kama anabeba gavana.

Nyumba ilikuwa upande wa mtaa wa Waswahili. Barazani palikuwa pametandikwa mikeka, shehe amekaa katikati, na bwana harusi mbele yake. Alikuwa fundi cherehani, kijana mwenye afya, shingo nene, kanzu mpya. Ndani wanawake walikuwa wamejaa, na harufu ya pilau ilikuwa imefika kwa majirani. Niliweka kiti nyuma ya Mzee Salimu. Hakukitazama.

Shehe alisoma hotuba ya ndoa. Mimi sikufuata maneno, nilikuwa nikitazama kanzu ya Mzee Salimu inavyopanda na kushuka upande wa kulia, na ule wa kushoto ukichelewa nyuma. Niliogopa kuliko siku ya mtihani wangu. Shehe akamaliza, akamwashiria. Abdi akasogea, tayari kudaka maneno kama yataanguka.

Bwana harusi akasimama, na Mzee Salimu akampa mkono, akamshika sawasawa. Alivuta pumzi. Nikajikuta nami nimevuta.

"Nimekuoza binti yangu Zuhura," akasema, "kwa mahari mliyokubaliana."

Hakukata hata mara moja. Sauti ilikuwa ileile ya serahangi, ilipita mlango ikafika kwa wanawake ndani, na nikasikia mtu mmoja analia na mwingine anamnyamazisha kwa sababu bwana harusi hajajibu.

Bwana harusi hakujibu. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Jasho lilimtiririka, akameza mate, akajaribu tena, na kilichotoka kilikuwa kama mlio wa kitasa. Kijana wa watu, mapafu mazima mawili, hofu imemziba.

Mzee Salimu aligeuka akanitazama.

"Ogola," akasema, "mpe kiti. Mgonjwa ni huyu."

Baraza zima lilipasuka kwa kicheko, shehe akiwemo, akijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Nikakipeleka kiti. Bwana harusi akakaa, akacheka na yeye, na kicheko kilipomfungua kifua akasema kwa sauti ya kutosha, "Nimekubali kumuoa Zuhura." Vigelegele vikaanza ndani, vikatoka nje, ngoma ikaitikia.

Watu walianza kumzungusha bwana harusi nyumba nzima kwa ngoma kumpeleka kwa bibi harusi. Nilikichukua kile kiti, nikamkimbilia Mzee Salimu.

"Kaa sasa, Mzee. Daktari amesema."

"Nakuja," akasema, akajiunga na msafara, mkono mmoja ameuweka begani kwa Abdi, mwingine anapungia watu. Alikwenda hatua fupi fupi, akipumzika pale ngoma inapopumzika, akiendelea inapoendelea. Mimi nikawa nyuma yake nimebeba kiti kichwani, watoto wakidhani ni sehemu ya sherehe. Tulizunguka nyumba yote na kurudi mlangoni. Nilikibeba mpaka mwisho wa ngoma, na yeye hakukikalia.